Bunduki ndogo, mnyama mkubwa: namna ya kuwinda dia bila kuvunjwa bega

Bunduki yangu ya kwanza hapa Colorado, Marekani, ilikuwa .300 Winchester Magnum, kaliba yenye teke kali (teke ni ule msukumo wa bunduki kurudi begani), niliuziwa mtumba na jamaa mmoja aliyeniapia kwamba ukitaka nyama ya maana hii ndo yenyewe, na mimi mtu wa kilo 61 nikaibeba nyumbani kifua mbele. Risasi ya tatu tu darubini ikanichana juu ya jicho. Kovu lipo mpaka leo, ila kovu sio tatizo, tatizo ni kwamba kuanzia siku ile kila kidole kikigusa triga mwili mzima ulikuwa unajikunja kabla hata mlio haujatoka. Mwaka ule nikamkosa dia, yaani ayala, aliyesimama yadi 80. Yadi 80 jamani, ukimrushia kiatu kinamfikia.

Siku hizi natumia .243 Winchester, kaliba ndogo yenye teke dogo, na friza haikai tupu. Hapa naeleza ninavyofanya, na itamfaa zaidi mtu mwembamba, mama, kijana anayeanza, mzee mwenye bega bovu, na yeyote yule ambaye moyoni anajua anaiogopa bunduki yake ila anaona haya kusema mbele za watu.

Dia ndo yule ayala wa kwenye Zaburi, huku kwetu wapo wenye mkia mweupe na wale wenye masikio marefu kama ya punda. Elki ni ndugu yake mkubwa, dume linapita kilo 300. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Sheria kabla ya risasi

Kila jimbo la Marekani lina yake, usisikilize ya rafiki yako wa jimbo lingine. Colorado kwa wanyama wakubwa kipenyo cha risasi kisipungue inchi .24, yaani .243 ndo inaingia mlangoni kwa kuinama kidogo. Kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, lazima kiwe cha kupanuka kikigonga, uzito usipungue greni 70 (greni 15 ni kama gramu moja) kwa dia na greni 85 kwa elki, na nguvu yake ikifika yadi 100 isiwe chini ya futi-pauni 1,000. Ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo unatakiwa uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na msimu wa bunduki unavaa rangi ya chungwa au pinki inayowaka, inchi za mraba 500 kiunoni kwenda juu, na kofia juu. Kwenye gari usiweke risasi chemba, yaani pale inapokaa risasi iliyo tayari kupigwa. Kupiga ni kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, basi.

Halafu hili wengi wetu hawalijui: kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya shule au ya kazi, sheria ya shirikisho inakukataza hata kushika bunduki, isipokuwa uwe na misamaha michache, mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hilo halimhusu. Kama makaratasi yako hayajakaa sawa, ndugu yangu, usiguse kabisa, hata kushikishwa ili upige picha, hiyo ni kesi ya shirikisho.

Na kwa walioko nyumbani, msichukue haya mkaenda nayo porini. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977. Tanzania upo kwa kibali, ila nyati na tembo kipenyo kinaanzia .375, hakuna mjadala. Najua mtu ataniletea habari za yule Mskoti Bell aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ile .275 Rigby. Ni kweli. Lakini yule bwana alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno akasoma ubongo umekaa wapi, akapiga risasi ngumu zisizopanuka, na hata hivyo mimi nahesabu waliojaribu kumuiga wakaishia chini ya miguu ya tembo, hao hawajaandikwa popote.

Kuchagua: usianzie kwenye bunduki, anzia kwenye kichwa cha risasi

Mimi kazi yangu kiwanda cha nyama, miaka sita nimesimama na kisu, mapafu niliyoyashika kwa mikono hii ni mengi kuliko ya daktari. Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kipenyo nacheka. Mnyama hafi kwa sababu mlio ulikuwa mkubwa. Anakufa kwa sababu kitu kimepita kwenye mapafu yote mawili au moyo na damu imeshuka, sasa swali la maana ni je hicho kitu kitafika huko kikiwa kizima?

Kuna kisa cha mwaka 1946. Mwindaji Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia, Kanada, anawinda musi, yule mkubwa kuliko elki mwenye pembe kama makoleo, mkononi ana .300 H&H Magnum, bunduki ya nguvu kwelikweli. Akapiga, risasi zikasambaratika juu juu kwenye bega lililoganda matope, hazikuingia. Alivyorudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati, mbele kinapanuka na nyuma kinabaki kizima, kikaanza kuuzwa 1948 na kinauzwa mpaka leo, ndo ile Partition. Bunduki haikuwa ndogo. Kichwa ndo kilikuwa laini.

Kwa hiyo ukiwa na .243 usinunue zile risasi nyepesi za greni 55 au 58 za kupigia mbweha, zile zimetengenezwa zilipuke. Kwanza sheria za Colorado haziruhusu kwa dia, pili zitakupa kidonda kikubwa cha juu na mnyama atakwenda kufia kwa jirani. Chukua greni 95 hadi 100 zenye ganda lililoshikamana na madini ya risasi ya ndani, au za shaba tupu za greni 80 hadi 85. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, na mtutu wa .243 wa kawaida haupendi kichwa kirefu sana, ndo maana unashuka uzito. California tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi za madini ya risasi ni marufuku, hivyo huko ni shaba tu.

Bunduki zenyewe zenye teke dogo ziko nyingi. .243 imetoka 1955, teke lake ni kama nusu ya .30-06. 6.5 Creedmoor ya 2007 teke lake linazidi hilo kidogo lakini inabeba greni 140, na 7mm-08 ya 1980 iko hapohapo jirani. Waswidi wanapiga musi kwa 6.5x55 ambayo ni ya 1894, na hawajafa njaa. Mimi ukiniuliza unayetaka dia na elki pamoja nakwambia chukua 6.5 au 7mm-08, na kama ni dia tu .243 inatosha na inabaki. .223 kuna majimbo yanairuhusu kwa dia, Colorado hairuhusu, na kwa anayeanza nasema hapana hata inaporuhusiwa.

Jambo moja dukani: bunduki nyepesi sana inapiga teke zaidi hata kama kaliba ni ndogo. Ile ya kilo 2 na nusu inayokupendeza kuibeba itakulipiza kwenye meza ya uwanja wa shabaha. Kilo 3 na nusu na darubini yake ni nzuri. Na kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wako kikate, fundi anafanya.

Kuua woga

Woga wa teke hauuoni mwenyewe. Mimi nilikuwa nabisha kabisa kwamba sina, mpaka mzee mmoja pale uwanja wa shabaha akaniambia nigeuke, akawa ananijazia yeye, mara risasi ya kweli mara ya plastiki isiyo na baruti, mimi sijui ipi ni ipi. Nikalenga, nikavuta, tik. Kimya. Na mdomo wa bunduki ukazama chini kama mtu anachovya ugali kwenye mchuzi. Hakuna mlio, hakuna teke, bunduki imeinama yenyewe kwa mkono wangu. Yule mzee hakusema kitu, alinywa kahawa yake tu.

Dawa yake ni hiyohiyo. Nyumbani hakikisha chemba ni tupu, angalia kwa macho na kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine, elekeza ukuta salama kisha vuta triga mara 20 kila jioni ukiangalia kama msalaba wa darubini unatikisika. Uwanjani anza na .22 risasi 30, halafu .243 risasi 10 na uache, usipige mpaka bega liume. Ukichanganya risasi za plastiki na za kweli wiki mbili tatu utaona mdomo umetulia. Masikioni vaa vizibo na juu yake vifunika masikio, vyote viwili, maana nusu ya woga ni mlio sio teke.

Usizoee meza, porini hamna meza. Piga umekaa chini, bunduki imeegemea fimbo mbili zilizofungwa kwa mpira, piga umepiga goti. Kipimo changu ni hiki: sahani ndogo, sentimita 20, hapo ndo ukubwa wa moyo na mapafu ya dia. Umbali ambao unaipiga sahani mara 5 kati ya 5 umekaa chini, huo ndo umbali wako. Wangu ni yadi 200, nikienda 250 moja inatoka.

Kurekebisha darubini, weka risasi igonge inchi 2 juu kwenye yadi 100, hapo kwenye 200 itakuwa karibu katikati na usifikirie tena. Zaidi ya hapo .243 inaanza kushuka haraka na upepo unaichezea, kwenye yadi 300 imebaki na kama futi-pauni 1,100 tu.

Porini

Bunduki ndogo ina mkataba wake na ukiusaini unausoma wote: kuna mnyama utamwacha aende. Dia akikuangalia uso kwa uso, acha. Akiwa amekupa matako, acha. Akitembea, acha. Unamtaka ubavu, au amegeuka kidogo anaangalia mbali na wewe. Fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, panda mpaka theluthi moja ya kifua kutoka chini, hapo. Akiwa amegeuka kidogo, wewe lenga ukifikiria mguu wa mbele wa upande wa pili, risasi itokee huko.

Elki kwa .243 ni halali Colorado lakini mimi sifanyi. Bega lake ni mfupa na tope na manyoya. Kwa 6.5 yenye kichwa kigumu, ubavu, yadi 150, nyuma ya bega sio juu ya bega, sawa.

Waislamu wenzangu, Bismillah inasemwa wakati unafyatua, na kisu kikali kiwe kiunoni maana ukimkuta bado anapumua unamchinja. Mengine ya fiqhi muulize sheikh wako, mimi ni mkata nyama.

Baada ya mlio jaza tena chemba bila kutoa jicho, uangalie alipoelekea. Usimkimbilie. Dia aliyepigwa mapafu kwa .243 mara nyingi haanguki palepale kama kwenye video, anakimbia hatua 50, 60, halafu miguu inaisha. Kaa nusu saa. Damu ya pinki yenye povu ni mapafu, atakuwa karibu. Nyeusi nzito ni ini, subiri saa kadhaa. Ukiona maji ya kijani na harufu ya utumbo umekosea, rudi kwenye gari, ule, mwache saa 6 au 8, ukimfukuza sasa hivi anakwenda mlima wa tatu na hutamwona.

Ukimfikia njoo kwa nyuma, gusa jicho kwa ncha ya fimbo, akipepesa bado yupo. Kisha mfunge tagi ya leseni yako, na unapokata vipande acha alama ya jinsia kwenye nyama, askari wa wanyamapori wanaiangalia. Toa matumbo haraka, fungua kifua kipoe. Wa mwaka jana nilipompasua tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama shilingi ya zamani, mapafu yote yamekuwa supu, na nyama iliyoharibika haikujaa kiganja. Bega zima likaingia kwenye pilau.