Kukuza mambo kwa Kiingereza: nahau ipi, na umwambie nani

Wanafunzi wangu wakitaka kusema "unakuza mambo", wengi hukimbilia "You're making a mountain out of a molehill". Sarufi haina kasoro, ila wanaitumia popote, hata kwa bosi.

Hatua ya 1. Jiulize kilichokuzwa ni jambo, hasira au habari. Sisi tuna kukuza mambo, kupaniki na kutia chumvi. Kiingereza nacho kimevitenga.

Hatua ya 2. Kama ni jambo, amua kwanza: unamlaumu mtu? Nahau ya "molehill" ina mtendaji, kwa hiyo inanyoosha kidole. (Iliandikwa tangu 1548, katika tafsiri ya mwandishi Mwingereza, Nicholas Udall. "Molehill" ni kirundo cha udongo wa fuko, si kichuguu cha mchwa. Vichuguu vyetu vingine vinampita mtu kimo!) Mwambie rafiki au ndugu yako, yatosha.

Kamati ya harusi ikikesha kwenye grupu la WhatsApp inagombania rangi ya vitambaa, sema "It's a storm in a teacup". Unataja vurugu, humgusi mtu. Mmarekani atasema "a tempest in a teapot".

Kwa mkubwa wako kazini, tumia kauli ya kutendwa: "I think this has been blown out of proportion". Aliyekuza hatajwi. Katika zote, hii ndiyo ninayoisisitiza zaidi darasani, kwa sababu inalinda heshima ya pande zote mbili.

Hatua ya 3. Kama ni hasira: "He flew off the handle". Picha yake ni shoka linalochomoka mpinini. Ni "flew", si "flied".

Hatua ya 4. Kama ni habari, hapa wengi huteleza. Usitafsiri "ametia chumvi" kwa "he added salt", hutaeleweka. Kwetu chumvi hutiwa na msimulizi. Kwa Kiingereza imo mkononi mwa msikilizaji: "Take it with a pinch of salt", yaani usiyameze yote. Mvuvi akitanua mikono kukuonyesha ukubwa wa changu aliyemponyoka, yeye "is exaggerating", na wewe ndiwe mwenye "pinch of salt".

Hatua ya 5. Chukua ugomvi mmoja wa wiki hii nyumbani kwako. Usimulie kwa sauti mara tatu: kwa rafiki, kwa bosi, kwa mgeni asiyewajua wahusika. Kila mara badilisha nahau.