Toa nailoni kwenye sufuria ya wali: jinsi ya kupunguza kemikali zinazovuruga homoni nyumbani na shambani

Juzi kwenye shughuli nilienda nyuma jikoni kuwasaidia kina mama, pilau limeshakauka maji, nakuta wamelifunika na mfuko mkubwa wa nailoni mweusi, juu yake sinia, juu ya sinia makaa. Walipofunua, nailoni ilikuwa imelegea imegandia wali wa pembeni, shangazi akaibandua kwa kidole akatupa, tukaanza kupakua. Simlaumu maana mimi mwenyewe nimekuzwa na wali huo huo, ila sahani ya kwanza ilipelekwa kwa bibi harusi mdogo wetu ambaye ni mjamzito wa miezi minne, na hapo ndo roho iliniuma.

Iko hivi. Homoni ni ujumbe ambao mwili unautuma kwa kiasi kidogo mno, kuiambia tezi ya shingoni, mayai, korodani, hadi ubongo wa mtoto tumboni, nini kifanyike na lini. Sasa kuna kemikali zimefanana nazo kama ufunguo bandia, unaingia kwenye kitasa, ama unafungua mlango saa ambayo sio, ama unakwama humo na ufunguo halisi hauingii tena. Bisfenoli A, ile unaona kwenye chupa wameandika "BPA free", yaani haimo, ni mojawapo, na thaleti zinazolainisha plastiki, na DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na dayoksini za kwenye moshi wa taka. Zinahusishwa na matatizo ya uzazi, tezi na baadhi ya saratani. Na ubaya wake zinaweza kumpita mama zikamkuta mtoto: Marekani wajawazito walikuwa wanapewa dawa inaitwa DES, estrojeni ya kutengeneza, kuanzia miaka ya 1940 wakiambiwa inazuia mimba kutoka, mwaka 1971 ndo madaktari wakaonyesha kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa wanapata saratani adimu ya uke wakiwa bado wasichana. Ndo maana kwenye nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga usisubiri kesho.

Anza na joto. Plastiki ikikutana na moto, mafuta au kitu kichachu kama ndimu na nyanya inaachia kemikali zaidi, na kadiri chakula kinavyokaa ndo inazidi. Kwa hiyo wali palia kwa mfuniko wa sufuria, ukiwa hauzibi vizuri weka jani la mgomba chini yake, bibi zetu walifanya hivyo na wali ulikuwa unaiva. Chai na uji wa moto usitie kwenye mfuko wala kikombe cha plastiki, ukienda kununua maharage au supu kwa mama lishe beba bakuli lako la stili au hotpoti ya ndani stili. Chupa ya mtoto angalia chini kwenye kile kipembetatu, namba 7 inaweza kuwa polikabonati, plastiki ngumu yenye BPA (Ulaya walipiga marufuku chupa hizo za watoto 2011), namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba, 6 ni ile foamu nyeupe ya take away, hizo zikwepe kwa chakula cha moto. Namba 2 na 5 ni afadhali lakini nazo usizichemshie kitu. Na chombo kilichochubuka chubuka ndani kigeuze cha kuwekea pini za nguo.

Mkaa usiwashe kwa nailoni, jamani. Tumia karatasi, vijiti, maganda ya nazi. Kuchoma plastiki, hasa mabomba ya PVC na nyaya, ndo kunazaa dayoksini, na majivu yake yanabaki kwenye udongo miaka mingi. Kama una kuku wa kienyeji zungushia wavu pale ulipokuwa unachomea taka, maana kuku anadonoa udongo na sumu hizi zinakaa kwenye mafuta, kwa hiyo zinaishia kwenye yai unalomkaangia mtoto. Pia majivu hayo usiyapeleke kwenye bustani ya mchicha.

Shambani ndo kuna kazi. Kopo la dawa likiisha usiligeuze la maji ya kunywa wala mafuta ya taa hata ulioshe kwa sabuni, plastiki yake imeshanyonya. Vaa glavu, hapo hapo kabla halijakauka tia maji robo ya kopo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba lako la kupulizia, rudia mara tatu, halafu litoboe ili asije mtu akaliokota, na uliza duka la pembejeo au afisa ugani wanakusanyia wapi. Usisuuzie mtoni. Dawa ikimwagika sakafuni usimwagie maji, mwagia mchanga mkavu au unga wa mbao, acha inyonye, zoa uweke kwenye ndoo yenye mfuniko na uandike SUMU, watoto na kuku wasikanyage hapo.

Ukikuta stoo ya zamani ina magunia ya dawa yasiyo na lebo, hapo usiguse, usichome, usifukie. Kule Vikuge, Pwani, dawa zilizoletwa kutoka Ugiriki miaka ya 1980 zilirundikwa kwenye banda, banda likaanguka, mvua ikafanya yake, na watafiti walipopima udongo miaka mingi baadaye bado DDT ilikuwa humo. Funga mlango, zuia ng'ombe wasilishwe jirani, kisima kilicho chini ya mteremko msinywe kwanza, mwambie mwenyekiti wa kijiji na mpeleke taarifa NEMC, baraza la taifa la mazingira, au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wenye vifaa vya kuzihamisha ni hao.

Bibi harusi wetu nimempelekea sufuria yenye mfuniko unaoziba kabisa, na mfuko wa nailoni aliokuwa ameuhifadhi juu ya kabati nimeondoka nao.