SOMO: Namna ya kuratibu misaada ya mafuriko huku kwetu Lindi na Mtwara, orodha kwanza mzigo baadaye

Wadau habari za saa hizi. Masika ndo hiyo inakuja na kila mwaka tunarudi palepale, maji yakiingia kijijini watu wenye roho nzuri wanachanga, wanajaza kirikuu nguo na unga, wakifika kule ni vurugu, wenye nguvu wanachukua mara mbili halafu bibi aliyebaki kitongoji cha ng'ambo hapati hata sabuni. Inauma sana. Naandika kwa vijana wa vikundi, watu wa msikitini na kanisani, walimu, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), yani yeyote ambaye siku hiyo atajikuta yeye ndo anaulizwa kila kitu. Mkishika moja tu lishikeni hili: orodha ya watu inatangulia, mzigo unafuata orodha.

HATUA YA 1: Jua barabara inakatika wapi
Sisi wa kusini barabara kuu ya kwenda Dar ni moja. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya ilikatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, mabasi na malori yakalala njiani pande zote mbili, na njia iliyobaki ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea mpaka utokee Njombe. Kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo usitegemee lori la Dar, vitu vitoke hukuhuku. Nenda sasa hivi mvua haijachanganya, ongea na wenye maduka ya jumla Lindi mjini, Nachingwea, Masasi, Mtwara mjini, mkubaliane nani atawakopesha unga, maharage, ndoo, maturubai na mtalipa lini.

Na ndani ya mikoa yetu kuna mito, Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, Lukuledi, Ruvuma. Januari 2020 Kilwa vijiji vya bonde la Matandu vilizingirwa na maji, watu wakajiokoa juu ya miti na mapaa. Akiba msiirundike upande mmoja wa mto, gawanyeni ng'ambo zote mbili, na mjue mapema nani ana mtumbwi na nani anajua kuuendesha kwenye maji yenye kasi. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 60 zinabeba gari, kwa hiyo hakuna kijana kuvuka kishujaa na kiroba kichwani. Uokoaji ni Zimamoto, namba 114.

HATUA YA 2: Ingieni kwenye kamati iliyopo
Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa kuanzia juu mpaka ngazi za chini huku kwetu. Kikundi chako kijitambulishe kwa mtendaji wa kijiji na wilayani, mseme mna nini na mnaweza nini. Mkienda kivyenu mtakuta Msalaba Mwekundu wameshapeleka ndoo na nyie mmebeba ndoo.

HATUA YA 3: Orodha yenyewe
Hapa ndo mtulie, maana hapa ndo haki inapatikana au inapotea.

Andikeni kitongoji kwa kitongoji, watu watatu pamoja: mwenyekiti wa kitongoji anayewajua watu, mama mmoja anayeaminika, na mtu wa nje asiye na ndugu pale. Msikae mezani watu wawafuate, nyie wafuateni wanapolala, kwa sababu mgonjwa na mzee hawaji mezani. Kila kaya: jina, wako wangapi, watoto chini ya miaka 5, mjamzito au anayenyonyesha, mzee, mlemavu, wanalala wapi, simu. Anayetumia dawa kila siku, iwe presha, sukari, TB au ARV, huyo muandike kwenye daftari la pembeni la mhudumu wa afya tu. Dawa zake zimeenda na maji, anahitaji kufika kituoni haraka kuliko anavyohitaji unga, ila siri yake isisomwe mbele za watu.

Mwanaume mwenye wake wawili, andika kila mke na kaya yake, la sivyo nyumba moja italala njaa. Waliopokelewa na ndugu nao waandikwe hata kama hawapo kambini, maana nyumba ya watu sita sasa ina watu kumi na tano na chakula ni kilekile. Halafu kuna wale wasio na balozi: wavuvi walioko dago (kambi zao za muda), vibarua wa mashamba ya korosho, wafugaji waliohamia. Hawa ndo wanasahaulika kila mara, nendeni mkawatafute.

Mkimaliza, orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano, watu wabishe palepale, huyu hana nyumba bondeni, yule mmemuacha. Kelele za siku hiyo zisiwachoshe, zinawaokoa na fujo ya siku ya kugawa. Sahihisheni, bandikeni ukutani, kila kaya ipewe kadi yenye namba.

HATUA YA 4: Hesabu ya mahitaji
Tumieni viwango vya Sphere, mwongozo wa misaada unaotumika dunia nzima. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku, kaya ya watu watano ni lita 75, karibu ndoo nne kubwa. Chakula, hapa ni mgao wa kawaida wa mashirika ya misaada: nafaka gramu 400, maharage au kunde gramu 60, mafuta gramu 25 kwa mtu kwa siku, yani kaya hiyohiyo kwa wiki inataka kilo 14 za unga na kilo 2 na kidogo za maharage. Pa kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu. Choo mwanzoni kimoja kwa watu 50, mshuke mpaka 20, umbali wa mita 30 kutoka kisimani, cha wanawake mbali na cha wanaume, kiwe na kitasa cha ndani na taa.

HATUA YA 5: Kugawa
Ghala la AMCOS ndo mahali pazuri kuliko pote, lina paa, mlango wa kufuli, mizani, na watu waliozoea kupima na kuandika. Masika korosho zimeshauzwa na ufuta bado, nafasi ipo. Ubaoni andikeni kila kaya inapata nini kwa kilo ili hata mtoto ajue haki ya mama yake. Anzeni asubuhi, wazee na wajawazito mbele, mmalize giza halijaingia.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nangurukuru: Mkuu, kuna ndugu zetu Dar wanataka kuleta mitumba roba nzima, tunawakataaje?
JIBU: Washukuruni halafu muwatumie listi. Kinachotakiwa ni kanga, vyandarua, ndoo zenye mfuniko, sabuni, taulo za kike, nguo za ndani mpya. Na kama maduka ya karibu yana vitu, hela ni bora zaidi, mtu ananunua anachokosa na muuza duka naye anainuka.

Dada wa Masasi: Kisima kimeingia tope, tuna vidonge vya kutibu maji, vinatosha?
JIBU: Dada angu, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa mpaka maji yaangaze, ndo uweke kidonge kwa kipimo cha kwenye pakiti, subiri dakika 30. Kwenye tope dawa haifanyi kazi vizuri. Baada ya kimbunga Idai pale Beira, Machi 2019, kipindupindu kilithibitishwa ndani ya wiki mbili tu. Mtu akiharisha majimaji mfululizo mpe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) palepale huku mkimkimbiza kituoni, anaweza kufa ndani ya saa chache. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya usawa.

Mwalimu wa Mtama: Kambi huwa inawekwa shuleni kwetu, watoto wanakosa masomo wiki nyingi.
JIBU: Mwalimu shikamoo. Siku ya kwanza tu mkubaliane kwa maandishi tarehe ya kutoka na kiwanja mbadala cha mwinuko. Yaachwe madarasa mawili matatu, watoto wasome kwa zamu. Na vyoo vya shule vinajaa haraka, chimbeni vingine mapema.

Kijana wa Kitangari: Wafadhili wanataka picha za waliopokea.
JIBU: Watumie picha ya risiti, ghala na ubao wa mgao. Mama aliyepoteza nyumba asilazimishwe kushika kiroba mbele ya simu ili apate unga.

Mdau wa Liwale: Maji yakishuka tunafunga kazi?
JIBU: Hapana mkuu, hapo wanataka mbegu. Shamba la bondeni limelala lakini udongo una unyevu, wapeni mbegu za mahindi ya muda mfupi, kunde, na pingili za muhogo kutoka vijiji vya juu ambavyo havikuguswa. Tumieni orodha ileile na ongezeeni safu ya ekari zilizozama. Afisa ugani awaambie kipi bado kina muda wa kukomaa kabla mvua haijakata.