Meli ya Ziwa Nyasa: jinsi ya kupanga mwenyewe matembezi ya kushuka bandarini

Watu wengi wakipanda meli pale Kyela wanakaa humohumo ndani mpaka Mbamba Bay, milima ya Livingstone wanaiangalia dirishani, wakifika wanasema ziwa zuri lakini safari ndefu. Sasa hiyo meli inasimama njiani, inashusha mzigo, na muda huo ni wako kama umejipanga. Hakuna kampuni itakayokungoja na bango lenye jina lako Lupingu au Liuli, unapanga mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kupeleka vikundi vidogo kutoka Mbeya na Iringa, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Jua unapanda nini

MV Mbeya II inabeba abiria 200 na mizigo tani 200. Hiyo namba ya pili ndo ya kuikariri, mana muda wa kusimama bandarini hauamuliwi na abiria, unaamuliwa na mchele, saruji na makreti ya soda. Kuna MV Njombe na MV Ruvuma pia lakini zile ni za mizigo, usiende kuzipangia foleni na begi lako.

Ratiba usiichukue kwa mtu aliyesafiri mwaka juzi. Piga simu au tuma mtu Kyela aulize bandarini siku chache kabla, na aulize kabisa meli inafunga Itungi au Kiwira, zipo jirani lakini ukiwa na mabegi na watoto ujirani huo hautausikia. Wanaotoka Iringa, Makambako na Njombe msiingie mjini Mbeya, shukeni Uyole mpande kosta za Tukuyu na Kyela palepale. Fikeni Kyela siku moja kabla. Alafu sweta la Mbeya litabanwa chini ya begi mara moja, mnatoka kwenye mita kama 1,700 mnashuka mpaka chini ya 500, ni joto na mbu, kwa hiyo chandarua au dawa ya kupaka isikosekane.

Hatua ya 2: Chagua vituo viwili, basi

Kosa la wageni wengi ni kutaka kushuka kila mahali. Kanuni yangu ni moja tu: kituo ambacho gari linakufikisha kirahisi usikipotezee muda wa meli. Ndo mana Matema huwa nairuka. Najua nitapigiwa kelele, Matema ni pazuri, mchanga safi na milima imesimama pale nyuma kama ukuta, lakini Matema unafika kwa gari kutokea Kyela kupitia Ipinda, nenda wikiendi nyingine ukalale kabisa. Ukienda hivo, uwe Jumamosi, utakuta gulio la vyungu pale Lyulilo, na ukichukua mtumbwi mpaka Ikombe utawaona kina mama wa Kikisi wanavyofinyanga kwa mikono bila mashine yoyote. Vile vyungu unavyoviona sokoni Tukuyu na Mbeya vingi ndo vinatokea huko. Hilo sio jambo la kufanya huku unasikilizia honi.

Lupingu chukua kama unapenda kuona watu wanaishi vipi kati ya mlima na maji, ni Ludewa hiyo, kijiji kiko chini kabisa na mlima unaanzia mgongoni kwake. Hapo hauhitaji hata bodaboda, tembea. Manda kuna mdomo wa mto Ruhuhu, ukivuka ng'ambo umeingia Ruvuma, piga picha lakini usiingie kuoga, mto ule una mamba.

Liuli ndo ninayoipenda kuliko zote. Kuna mwamba pale bandarini ambao Wajerumani waliuona unafanana na Sphinx, ile sanamu ya Misri, wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaja Gwendolen ya Waingereza chini ya Rhoades ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, habari za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa hazijamfikia, na Rhoades alikuwa mtu wake wa kunywa naye, kwa hiyo inasimuliwa alipanda kimtumbwi akaenda kumfokea mwenzie akimuuliza kama amelewa, akajikuta mateka. Ukisimama ufukweni ukitazama ule mwamba, hadithi yote inakaa mahali pake, wala hauhitaji kwenda mbali. Ukibaki na muda kuna kanisa na hospitali ya Waanglikana, ni mwendo wa miguu.

Hatua ya 3: Ongea na karani wa mzigo, sio nahodha

Nahodha atakuambia tunakaa kidogo. Karani ndo anajua. Muda mfupi kabla ya kufika mfuate kwa heshima zake, "Shikamoo mzee, hapa mzigo ni mwingi?" Akikuambia magunia mengi na kuna wa kupakia pia, hapo una saa moja na zaidi. Akikuambia abiria tu na vifurushi, kaa kwenye reli ule karanga. Muulize pia kama mnafunga gatini au mnashushwa kwa boti, mana boti inakula muda kwenda na kurudi, na anayerudi na boti ya mwisho anarudi na kila mtu, kuku na magodoro.

Ukishuka, geuka nyuma uangalie. Makuli wakiwa vifua wazi wanapishana ubaoni, bado una muda. Ukiona wameanza kutafuta mashati yao na karani amesimama anahesabu kwa ncha ya kalamu, mzigo umeisha, na hapo honi iko njiani.

Hatua ya 4: Gawa muda mara tatu

Chukua muda aliokupa karani. Theluthi ya kwenda na kurudi, theluthi ya kukaa, theluthi usiiguse kabisa. Kama ni dakika 90, basi dakika 15 za kwenda ndo mwisho wako, 30 za kuzunguka, 15 za kurudi, na 30 ni za pancha, mvua, na yule mtu wa kikundi ambaye lazima anunue dagaa. Nawe ununue basi, usipa wa Nyasa ni mtamu, ila mfunge vizuri mana harufu itasafiri na nyie.

Bodaboda mkubaliane kabla hujapanda: "Kaka, kwenda na kurudi, nipo kwenye meli, nakupa nusu sasa na nusu tukirudi bandarini." Hiyo nusu ya pili ndo inamfanya asiondoke. Beba hela ndogondogo, noti ya elfu kumi kijijini asubuhi itakufanya usubiri chenji mpaka meli iondoke, na wakala hayupo kila kituo.

Hatua ya 5: Saa ya simu izime isijibadilishe yenyewe

Hili wengi hawalijui. Malawi na Msumbiji wako nyuma yetu saa moja, na simu ikidaka mnara wa ng'ambo inajirudisha nyuma bila kukuuliza. Wewe unaona saa tatu, meli inajua ni saa nne. Ingia kwenye mipangilio uzime saa ya kujiweka yenyewe, zima na rominga, au vaa saa ya mkononi. Alafu begi dogo lenye kitambulisho, hela, dawa na chaja ushuke nalo siku zote, ili ukiachwa uachwe na vitu vyako.

Hatua ya 6: Upepo na maji

Kuanzia kama Mei mpaka Agosti upepo wa kusini, mwera, unachafua ziwa, kushuka kwa boti kunakuwa kazi. Septemba hadi Novemba kumetulia ila joto kali. Kuoga, epuka kwenye matete na maji yaliyotuama karibu na makazi, kichocho kipo, na kama uliingia, baada ya miezi kama miwili kapime, dawa ipo.

Hatua ya 7: Usirudi kwa njia uliyoendea

Mbamba Bay lala. Asubuhi chukua mtumbwi uzunguke kwenye miamba, maji yakitulia unaona wale samaki wadogo wa rangi rangi chini kabisa. Kisha rudi kwa barabara, lami ipo, Mbinga, Songea, Njombe, Makambako, hapo wa Iringa wanashika kulia na wa Mbeya kushoto. Tiketi ya basi la Songea ikate siku hiyohiyo unayofika Mbamba Bay kabla hata ya kutafuta chumba, magari ya huko yanatoka alfajiri na yakishajaa hayarudi kukufuata.