Koeksister: shira ilale kwenye friji, mafuta yawe moto

Mwaka 1951 S.J.A. de Villiers, mwandishi wa mapishi wa Afrika Kusini, alichapisha kwa gharama yake mwenyewe Kook en Geniet, kitabu cha mapishi kwa Kiafrikaans ambacho bado kinachapishwa. Mchango wake kwa lugha hiyo ni mkubwa sawa na wa washairi wake, kwa kuwa aliipa jiko lenye vipimo kamili. Ukitaka kuyaonja mapishi ya wasemaji wa Kiafrikaans, anza na koeksister, andazi la kusuka linalozamishwa kwenye shira.

Shira ipikwe jana yake. Weka sufuriani sukari kilo 1, maji nusu lita, tangawizi mbichi ya sentimita 5 iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na kijiko kikubwa cha maji ya limau. Koroga sukari iyeyuke kabla ya kuchemka, kisha usiguse tena kwa dakika 8. Ukiikoroga ikichemka itaganda chenga. Ikipoa, igawe mabakuli mawili uyalaze kwenye friji.

Kwa donge, chekecha unga wa ngano gramu 500, beking pauda vijiko vidogo 4 na chumvi nusu kijiko kidogo. Sugulia siagi gramu 50, tia yai 1 na maziwa mililita 200 hadi 250, ukande mpaka lilainike. Lifunike saa nzima, la sivyo litarudi nyuma kila ukilisukuma.

Sukuma unene wa milimita 6. Kata vipande vya sentimita 8 kwa 4, kila kimoja ukichane mara mbili kwa urefu bila kufika juu, upate nyuzi tatu. Suka, kisha bana ncha kwa nguvu. Zikiachia, msuko unafumuka karaini.

Kaanga kwa nyuzijoto 175 hadi 180, dakika 2 hadi 3, ziive rangi ya kahawia iliyokolea. Mafuta ya uvuguvugu huingia ndani na kuikosesha shira nafasi. Zikitoka tu, bila kuzichuja, zitose kwenye shira baridi kwa nusu dakika. Mvuke ulio ndani hunywea ghafla na kuivuta shira hadi katikati, huku ganda likibaki kavu. Hapa ndipo wengi hukosea: baada ya mikupuo michache shira huwa imepata joto na koeksister hutoka tepetepe. Badilisha bakuli mapema.

Koesister (bila k ya kati) ya Wamalay wa Cape Town ni kitu kingine: donge la hamira lenye viungo, hunyunyiziwa nazi.

Koeksister zako zikitoka kwenye shira, zichuje juu ya waya, uzihifadhi kwenye friza. Huliwa zikiwa za baridi.