Kumtafutia punda mfadhili Marekani

Kazi yangu ni kuandikia vikundi vya kutetea punda maombi ya fedha, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze kuandika. Soma kwanza fomu ya kodi inayoitwa 990-PF.

Kila wakfu binafsi wa Marekani, ule unaotegemea mali ya familia au kampuni moja, hulazimika kuijaza kila mwaka, nayo iko wazi kwa umma. ProPublica, shirika la habari la Marekani, huziweka fomu hizo mtandaoni bure. Fungua ya karibuni, shuka moja kwa moja hadi orodha ya ruzuku: nani kapewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Maneno matamu ya tovuti yao yaache. Good Ventures, wakfu wa Cari Tuna na Dustin Moskovitz, umetoa fedha nyingi kwa wanyama, lakini hasa kuku na mifugo mingine ya ufugaji wa kiwandani. Ukiwapelekea habari za punda wa mkokoteni, unabisha mlango usio wako.

Karibu na orodha hiyo kuna kisanduku kidogo. Kikitiwa alama, maana yake wakfu hujichagulia wa kuwapa na haupokei maombi usiyoyaitisha. Usikeshe hapo. Tafuta kwenye orodha shirika mnalofahamiana, uliombe likutambulishe.

Wanaharakati huteleza kwenye siasa. Ushindi wetu mkubwa ni wa kisheria: Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini wakfu binafsi ukitoa fedha zilizotengwa kwa kushawishi wabunge, hutozwa kodi ya adhabu. Kwa hiyo kazi ya bungeni itafutie fedha kwingine, kwa uwazi, na kwa wakfu omba za daktari wa mifugo, mafunzo ya wenye mikokoteni na ufuatiliaji wa wizi wa punda.

Kisha onyesha punda mmoja. "Punda wanateseka Afrika" haimgusi mtu. Andika kidonda cha upana wa kiganja begani, pale kamba ya nailoni ilipokuwa ikikata ngozi, na bei ya pedi ya gunia na pamba iliyokiponya. Weka picha ya kabla na ya baada.

Kikundi kisichosajiliwa Marekani kwa kawaida hudaiwa mkataba wa maandishi, hesabu za ruzuku zilizotengwa na ripoti ya kila mwaka. Daftari la hesabu hizo lifungue kabla hujatuma ombi.