SOMO: Kuendesha wiki ya darasa chuoni bila vikundi kuchanganyikana (soma kabla ya kuuliza)

Kila muhula ukifunguliwa swali ni lile lile: "Wanafunzi wameshaandika, sasa kazi za vikundi zimeingiliana, nifanyeje?" Naandika mara moja, hapa. Wiki ninayosema si juma, ni kurasa za mtandaoni zilizounganishwa kwa viungo, ambazo wanafunzi huandika na kurekebisha pamoja. Maelezo ni ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kwa kuwa wengi humu ndiyo mnayotumia. Mfano wetu ni darasa la mazingira, mwaka wa kwanza, wiki kuhusu Mto Nairobi.

Hatua ya 1. Chagua mada yenye matawi: chanzo, vijito, viwanda, mashamba ya kandokando, sheria. Insha ya kurasa mbili haihitaji wiki.

Hatua ya 2. Unda vikundi ndani ya kozi kabla hujaigusa wiki. Watu wanne au watano. Wakizidi sita, wawili watalala.

Hatua ya 3. Unda wiki yenyewe. Hapa ndipo watu huungua, kwa hiyo soma polepole. Aina ya wiki (ya pamoja, au ya kila mtu peke yake) na jina la ukurasa wa kwanza hufungwa ukishahifadhi. Ukikosea, futa uanze upya. Mpangilio wa vikundi ni mtego zaidi kwa sababu huo unabadilika wakati wowote. Kila kikundi kina ghala lake, yaani seti yake ya kurasa. Ukiacha wiki bila vikundi, darasa zima linaandika kwenye ghala moja la pamoja. Baada ya siku kumi na nne ukishtuka na kuchagua vikundi vilivyotengana, kila kikundi kitafungua ukurasa mtupu na simu yako haitapumzika. Maandishi hayajapotea: rudisha mpangilio wa mwanzo, utayakuta. Ila kuyahamishia kwenye vikundi ni kunakili kwa mkono, na aya zote zitabeba jina la aliyenakili. Historia ya nani aliandika nini, ambayo ndiyo utakayosahihishia, inakuwa haina maana tena.

Jaribu kabla ya kufungua mlango. Omba akaunti mbili za majaribio, moja kikundi A, nyingine kikundi B. Ya kwanza iandike "A", ya pili "B". Yeyote akiona cha mwenzake, rudi juu. Kujigeuza mwanafunzi kwa kitufe hakutoshi, maana wewe mwenyewe humo kwenye kikundi chochote.

Hatua ya 4. Ukurasa wa kwanza andika wewe: sentensi mbili na viungo ndani ya mabano mraba mawili, [[Chanzo]], [[Vijito]]. Anayebofya kiungo kisicho na ukurasa anauunda. Sisitiza tahajia, "Vijito" na "Vijito vya mto" ni kurasa mbili.

Hatua ya 5. Kila mtu aandike kwa akaunti yake. Mtindo wa kukusanya kila kitu WhatsApp kisha kiongozi abandike usiku wa mwisho upige marufuku kwa maandishi, kwenye maelezo ya kazi. Wabandike matini tupu. Ukinakili kutoka Word unaleta takataka za mapambo.

Hatua ya 6. Sahihisha kwenye kichupo cha historia, si kwenye ukurasa uliokamilika. Linganisha toleo na toleo. Toleo la 4: "Mto Nairobi unaanzia milima ya Ngong." Toleo la 5, mwanafunzi mwingine: "unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu," na chanzo cha habari chini yake. Huyo wa pili ameandika maneno machache na amefanya kazi kubwa. CAT (tathmini ya ndani ya muhula) ya alama 30 naigawa hivi: 10 maandishi yake mwenyewe, 10 kurekebisha ya wenzake, 5 vyanzo, 5 maoni.

MASWALI

MhadhiriMpya: Asante mwalimu. Nimeunda wiki ila darasa lote linaona ukurasa mmoja. Shida ni nini?

Mwandishi: Hatua ya 3. Ile ndefu kuliko zote.

Baba Shiku: Mbona usumbufu wote huu? Google Docs inatosha.

Mwandishi: Kwa ripoti moja inatosha, tena watu kadhaa wanaandika kwa wakati mmoja bila kufungiana. Wiki ni ya kurasa zinazorejeleana, na muhula ujao darasa jingine linaendelea pale lilipoishia. Sijasema popote kila kazi iwe wiki.

Takwimu_Ngara: Nina wanafunzi 120. Historia yote hiyo utaisoma lini? Nilifikiri nihesabu tu mara ambazo kila mtu amehifadhi.

Mwandishi: Swali zuri. Ukihesabu mara, wataongeza koma moja na kuhifadhi, mara ishirini. Ukihesabu maneno, watabandika. Fanya hivi: kila mwanafunzi akuletee mabadiliko yake matatu bora, namba za matoleo na sentensi moja ya kueleza kwa nini alibadilisha. Unasoma matatu, si mia. Kisha chagua wachache kwa kura na uzipitie historia zao zote. Wakijua hilo, wengi hunyooka.

MhadhiriMpya: Alama naziingiza wapi? Sioni sehemu ndani ya wiki.

Mwandishi: Haipo. Wiki ya Moodle haipeleki alama kwenye daftari la alama. Unda zoezi la pembeni lenye alama 30, uziingize huko.

Mama Kozi: Wangu wanaandika kwa simu, na stima ikipotea waifai inaenda nayo. Pia wanalalamika ukurasa "umefungwa".

Mwandishi: Umefungwa kwa sababu mwenzao yumo anahariri, kufuli huachia lenyewe muda mfupi baada ya kuondoka, na wewe mwalimu unaweza kuivunja. Wazoeshe kuhariri sehemu moja, kwa kile kiungo kando ya kichwa kidogo, badala ya ukurasa mzima. Hapo wawili wanafanya kazi bila kugongana. Kuhusu stima: aya iandikwe kwanza kwenye daftari la simu, mwenyewe aibandike, ahifadhi kila aya.

Juja Road: Ukitaka kwenda mbali zaidi, wapeleke Wikipedia ya Kiswahili. Ila kuna kikomo cha akaunti mpya sita kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, kwa hiyo darasa zima likijisajili kwa waifai ya chuo, wa saba anakwama.

Mwandishi: Kweli. Wajisajili siku kadhaa kabla, kila mtu kwa bando lake, na waanzie ukurasa wa mazoezi.

Takwimu_Ngara: Na wasio na bando?

Juja Road: Wa kusoma tu, Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila mtandao. Shusha faili ya Wikipedia ya Kiswahili mara moja, isambazeni kwa flashi. Kuhariri lazima mtandao.